Wakili wa Milima ya Chai: Tumkumbuke Jean-Marie Seroney

 

Hebu anza na kikombe kilicho mbele yako. Adhana ikilia, baada ya tende na maji, wengi wetu tunakimbilia chai. Sisi tunaokaa Kericho na Bomet tunajua inatoka wapi. Tunayapita mashamba hayo kila siku, kijani kitupu mpaka jicho linapokoma, na wachumaji wamejipanga na vikapu mgongoni. Lakini umewahi kujiuliza, kabla ya chai hapo palikuwa na nani? Walikwenda wapi? Na walipolalamika, nani aliwaandikia malalamiko yao kwa lugha ambayo serikali inaielewa?

Leo tunamkumbuka mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo. Aliitwa Jean-Marie Seroney. Alikuwa wakili, akawa mbunge, akawa Naibu Spika, halafu akawa mfungwa ambaye hakuwahi kuhukumiwa. Hakuwa Mwislamu. Baba yake, Reuben Seroney, alikuwa mhubiri wa Kikristo kule Nandi. Lakini haki haiulizi kabila wala dini ya anayeisimamia, na sisi tunaoishi na majirani zetu katika milima hii tuna deni la kuyajua maisha yake. Vijana wengi wa leo hawajawahi hata kulisikia jina lake.

ALIKOTOKA

Ukisimama pahali palipoinuka Kericho siku isiyo na ukungu, ukatazama kaskazini ng'ambo ya bonde la Nyando, utaviona vilima vya Tinderet na Nandi. Ni jirani zetu kabisa. Chai yao ni kama chai yetu, na kilio chao cha ardhi ni kama cha Wakipsigis wa huku.

Seroney alizaliwa kule Nandi katika miaka ya 1920. Pima wakati huo, ndugu yangu. Ilikuwa miaka ishirini hivi tu tangu Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, auawe na afisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, siku walipokutana kwa jina la mazungumzo ya amani. Wanandi walikuwa wamewapinga Waingereza kwa miaka kumi. Baada ya kifo hicho walisukumwa katika eneo walilotengewa, na ardhi nzuri wakapewa masetla.

Huku kwetu mambo hayakuwa tofauti. Kampuni kubwa za chai kama Brooke Bond na James Finlay ziliingia Kericho katikati ya miaka ya 1920. Kisha mwaka 1934 ikatungwa sheria maalumu ya kuuhamisha ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis. Wazee, kina mama na watoto waliondolewa kwa nguvu wakapelekwa Gwassi, kule karibu na Ziwa Victoria, pahali pa joto na mbu. Ona hapo neno lenyewe: sheria. Waliofukuzwa hawakufukuzwa na majambazi. Walifukuzwa kwa karatasi iliyopigwa muhuri.

Mtoto aliyekulia katika hali hiyo alikuwa na njia mbili. Ama aichukie karatasi, ama ajifunze kuisoma. Seroney alijifunza kuisoma.

Alisoma Kapsabet, akaendelea Alliance High School kule Kikuyu, shule ambayo wakati huo ilichukua Waafrika wachache sana kutoka nchi nzima. Kisha akavuka bahari kwenda India kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Allahabad, na baadaye akaenda London kukamilisha masomo ya uwakili. Kaa ukijua kwamba serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kuona Waafrika wakisomea sheria. Walimu walitakiwa, makarani walitakiwa, lakini wakili ni mtu anayeweza kumwambia mkubwa kwamba hapa umevunja sheria yako mwenyewe. Aliporudi nyumbani, Seroney alikuwa mmoja wa mawakili wa kwanza kabisa kutoka jamii za Wakalenjin.

Na hapo, kijana, ndipo uamuzi wa kwanza ulipomkabili. Mtu mwenye elimu kama hiyo wakati huo angeweza kufungua ofisi mjini, ale vizuri, anunue shamba la setla anayeondoka, na asisikike tena. Wengi wa rika lake walifanya hivyo na hakuna aliyewauliza. Yeye alichukua ile elimu akaiingiza kwenye mambo ya watu.

LONDON NA HOFU YA WADOGO

Mapema miaka ya 1960 Kenya ilikuwa inangoja uhuru, na vyama vikubwa vilikuwa viwili. KANU kilikuwa na makabila makubwa zaidi. KADU, kilichoanzishwa mwaka 1960, kilikusanya jamii zilizoogopa kumezwa: Wakalenjin, Wamasai, sehemu ya Waluhya, na watu wa Pwani. Kiongozi wake alikuwa Ronald Ngala wa Pwani, na ndani yake walikuwamo Daniel arap Moi, Masinde Muliro, na Dk. Taaitta Toweett wa hapa kwetu Kericho. Seroney alikuwa upande huo.

Mwaka 1962 alikuwa London katika mkutano wa Lancaster House ulioipangia Kenya katiba. KADU walitaka majimbo, yaani kila eneo liwe na baraza lake na sauti juu ya ardhi yake, ili Nairobi isiamue kila kitu. Kwa wanasiasa wengine hiyo ilikuwa kelele ya jukwaani. Kwa wakili kama Seroney lilikuwa swali la kisheria: aliye mchache atalindwa na nini siku mwingi atakapokasirika? Atalindwa na huruma, au na maandishi?

Sisi Waislamu wa Kenya tunapaswa kulielewa swali hili haraka kuliko wengine. Katika miaka hiyohiyo watu wa Mwambao walikuwa wanauliza jambo la aina hiyo. Makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya viongozi wa Kenya na Zanzibar, mbele ya Waingereza, ndiyo yaliyoahidi kwamba mahakama za kadhi zitaendelea kuwapo. Kama yasingeandikwa, nani leo angekumbuka ahadi ya mdomo?

Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilikuja na majimbo. Haikudumu. Novemba 1964 KADU ilijivunja na wabunge wake wakahamia KANU, Kenya ikawa jamhuri tarehe 12 Disemba 1964, na mabaraza ya majimbo yakaondolewa. Wenzake wengi walipata vyeo. Moi akaingia serikalini, na mwaka 1967 akawa Makamu wa Rais. Seroney naye aliingia KANU kwa sababu hapakuwa na nyumba nyingine ya kuingia. Lakini maswali yake aliingia nayo.

AZIMIO LA NANDI HILLS

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mpaka leo linaweza kuwagombanisha watu katika hoteli ya chai. Nakuomba usome polepole.

Baada ya uhuru masetla wengi waliuza mashamba wakaondoka. Mtu angedhani ardhi ile ingerudi kwa wale ambao babu zao waliondolewa. Haikuwa hivyo. Ardhi iliuzwa kwa mwenye pesa, au kwa mwenye mkopo wa serikali, au kwa mwenye jamaa ofisini. Kampuni na vyama vya ununuzi kutoka sehemu nyingine za nchi vilinunua mashamba Bonde la Ufa, na maskini wengi wa Nandi wakawa wanatazama tu. Kwao ilikuwa kama kuibiwa mara mbili, mara ya kwanza na mgeni, mara ya pili na mwenzako mwenye nguvu. Na tusiwasahau wale walionunua. Wengi wao nao walikuwa maskini walionyang'anywa ardhi kwao na Waingereza haohao.

Mnamo tarehe 27 Julai 1969 Seroney aliongoza kutolewa kwa tamko lililojulikana kama Azimio la Nandi Hills. Kwa ufupi lilisema kwamba ardhi ya Nandi ni haki ya Wanandi, na likapinga kuletwa watu wa nje kupewa mashamba yale. Ulikuwa wakati mbaya mno wa kusema. Siku ishirini na mbili tu kabla yake, tarehe 5 Julai, Tom Mboya alikuwa amepigwa risasi Nairobi na nchi nzima ilikuwa inatetemeka. Serikali haikutaka kusikia neno ardhi. Moi, Mkalenjin mwenzake na Makamu wa Rais, hakulikubali azimio hilo. Seroney akashtakiwa kwa uchochezi, akapatikana na hatia, akatozwa faini.

Je, alikosea au alipatia? Hapa tusidanganyane kwa sababu tu tunamsifu marehemu. Kilio kilikuwa cha kweli. Kukiandika, kukitia saini na kukileta hadharani mchana kweupe ni bora mara mia kuliko kukinong'ona usiku huku watu wakinoa mapanga. Lakini azimio lilikuwa na upande wa pili, manake neno mtu wa nje halina mpaka. Leo ni kampuni, kesho ni mnunuzi tajiri, kesho kutwa ni mchuma chai kutoka Kisii, ni Mluhya mwenye ng'ombe wawili, ni Mnubi wa Kericho ambaye babu yake aliletwa na jeshi la Waingereza, ni Msomali mwenye duka. Wengi wetu tunaofuturu pamoja msikitini tuko katika orodha hiyo, si ndiyo?

Na historia imetuonyesha. Tarehe 29 Oktoba 1991 vita vya kikabila vilivyokuja kuitika Bonde la Ufa nzima vilianzia shamba la Meteitei, ndani ya Tinderet, jimbo ambalo Seroney mwenyewe aliliwakilisha bungeni. Yeye alikuwa kaburini karibu miaka tisa. Hakuna haki ya kumbebesha damu ile, kwa sababu walioiwasha walikuwa na hesabu zao za uchaguzi. Kisha zikaja zile siku za mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, watu zaidi ya 1,100 wakauawa nchini, na hapa Kericho na Londiani tuliona moshi kwa macho yetu. Lile jeraha aliloliandika wakili mwaka 1969 halikutibiwa, likaachwa mpaka likashikwa na watu wasiojua kalamu.

Kwa hiyo tukimkumbuka Seroney, tuchukue mawili. Tuchukue ujasiri wake wa kusema kwa maandishi. Na tujifunze pia kwamba anayedai haki yake lazima aandike katika dai hilohilo jinsi haki ya jirani itakavyolindwa.

SIKU CHACHE BAADA YA IDD

Mwaka 1974 watu wa Tinderet walimrudisha bungeni. Katika uchaguzi huo pia alichaguliwa binti wa miaka ishirini na minne, Chelagat Mutai, kutoka Eldoret Kaskazini, aliyekuwa karibu na Seroney kisiasa na ambaye baadaye alifungwa jela. Bunge lile lilikuwa na watu wachache wasiokubali kunyamaza. Wabunge wenyewe walimtaka Seroney awe Naibu Spika. Serikali haikumtaka, na kikao kikaahirishwa, lakini Februari 1975 Bunge liliporudi alikipata kiti kile.

Wiki chache baadaye, mwezi Machi, mbunge J.M. Kariuki aliuawa na mwili wake ukapatikana Ngong. Bunge liliunda kamati ya uchunguzi, na ripoti yake ikaitia serikali aibu kubwa. Tangu hapo kila neno ndani ya ukumbi ule lilikuwa linapimwa.

Basi ikafika tarehe 9 Oktoba 1975. Ilikuwa siku chache tu baada ya Idd-ul-Fitri ya mwaka ule, watu bado wana ladha ya pilau mdomoni. Bungeni alisimama Martin Shikuku, mbunge wa Butere. Akasema kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama vile KANU ilivyouawa. Upande wa serikali ukaruka juu. Ukadai athibitishe kwamba KANU imekufa, au aondoe maneno yake.

Aliyekuwa kwenye kiti cha Spika saa hiyo ni Seroney. Macho yote yakamgeukia.

Simama hapo kidogo, msomaji. Jiweke katika kiti kile. Unajua sheria za Bunge: mbunge akidai jambo, anaweza kutakiwa alithibitishe. Ungeweza kumwambia Shikuku aondoe maneno, mambo yakaisha, ukaenda nyumbani ukala chakula cha usiku na watoto wako. Hakuna ambaye angekulaumu. Hata Shikuku mwenyewe labda angeelewa. Lakini wewe ni wakili, na unajua kwamba kila mtu katika ukumbi ule anajua kuwa chama kile hakina uhai. Kumlazimisha mtu athibitishe jambo ambalo wote wanaliona ni kumlazimisha aseme uongo.

Seroney akatoa uamuzi. Akasema, kwa maneno machache na bila kupandisha sauti, kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa.

Ndiyo hayo tu. Hakutukana mtu, hakutaja jina la Rais, hakumwita mtu mwizi.

Tarehe 15 Oktoba polisi waliingia katika majengo ya Bunge wakawakamata wote wawili, Seroney na Shikuku. Hawakupelekwa mahakamani. Waliwekwa kizuizini chini ya sheria ya usalama wa umma, ambayo ilimruhusu Rais kumfunga mtu bila kesi, bila shahidi, na bila tarehe ya kutoka.

WAKILI ASIYE NA KESI

Fikiria adhabu hiyo ilivyomchoma wakili hasa. Maisha yake yote aliamini kwamba mtu akishtakiwa atasomewa kosa lake, atajibu, na hakimu ataamua. Mwaka 1969 aliposhtakiwa kwa uchochezi, alishindwa, lakini angalau alisimama kizimbani akasikilizwa. Safari hii hapakuwa na kizimba. Mtu aliyewasemea watu wengi hakuwa na mahali pa kujisemea mwenyewe.

Shirika la Amnesty International lilimweka katika orodha ya wafungwa wa dhamira, yaani watu waliofungwa kwa sababu ya walichosema au walichoamini. Jina lake likaandikwa katika barua za watu wa nchi za mbali wasioijua Tinderet iko wapi. Lakini huku nyumbani, woga ulishika. Wabunge waliobaki walijifunza somo. Kama Naibu Spika anaweza kutolewa Bungeni na polisi, mimi nani?

Ramadhan tatu zilipita akiwa ndani: ya 1976, ya 1977 na ya 1978. Katikati ya ile ya mwisho, tarehe 22 Agosti 1978, Mzee Jomo Kenyatta akafariki Mombasa. Moi akawa Rais. Na tarehe 12 Disemba 1978, sikukuu ya Jamhuri, Moi akawaachilia wafungwa wote wa kisiasa waliokuwa kizuizini. Walikuwa 26. Kati yao alikuwamo mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, alikuwamo Shikuku, na alikuwamo Seroney. Alikuwa amekaa miaka mitatu na karibu miezi miwili kwa ajili ya sentensi moja.

Ona mambo ya dunia yanavyozunguka. Aliyemfungulia mlango ni yuleyule waliyekuwa naye KADU, na waliyepingana naye juu ya ardhi ya Nandi.

MWISHO WAKE

Hadithi za kwenye filamu zingemrudisha Tinderet akabebwa mabegani. Maisha hayakuwa hivyo. Katika uchaguzi wa 1979 alishindwa. Kiti kilichukuliwa na kijana Henry Kosgey. Watu hupenda shujaa, lakini barabara, shule na kazi hutolewa na walio karibu na serikali, na mpiga kura anajua. Tusiwalaumu sana watu wa Tinderet. Tujiulize tu, sisi huwa tunampigia nani?

Aliishi muda mfupi baada ya hapo, lakini aliona mengi. Juni 1982 Bunge lilibadilisha katiba na kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja kwa sheria. Yaani kile chama ambacho yeye aliona hakina haja ya kuthibitishwa kifo chake, sasa kilikuwa ndicho pekee kinachoruhusiwa kuishi. Mwaka huohuo serikali ilianza tena kuwatia watu kizuizini. Agosti likaja jaribio la mapinduzi. Na Disemba 1982 Jean-Marie Seroney akafariki dunia.

Ukimpima kwa macho ya siku ile, utasema alishindwa kila kitu. Majimbo yalifutwa. Azimio lilimletea faini. Kiti cha Naibu Spika kilimfikisha kizuizini. Jimbo lake lilimkataa.

LAKINI TAZAMA LEO

Haya, sasa hesabu upya. Mwaka 1991 kifungu cha chama kimoja kiliondolewa. Mwaka 1997 sheria zilirekebishwa na uwezo wa kumweka Mkenya kizuizini bila kesi ukaondolewa. Tarehe 27 Agosti 2010 tulipata katiba mpya, na tangu 2013 nchi ina kaunti 47, kila moja na gavana wake na bunge lake. Si yale majimbo ya mwaka 1963, na ugomvi haukosekani, lakini ule msingi wa kwamba Nairobi isiamue kila kitu umerudi. Kericho na Bomet zinajipangia mambo mengi zenyewe.

Katiba hiyohiyo imesema kwamba asiye raia wa Kenya, iwe mtu au kampuni, hawezi kumiliki ardhi zaidi ya kuikodi, na si kwa zaidi ya miaka 99. Ile mikataba ya miaka 999 tuliyokuwa tukiisikia katika mashamba ya chai ilifikishwa mwisho. Katiba ikaunda pia Tume ya Taifa ya Ardhi, ambayo ilisikiliza madai ya dhuluma za kihistoria, yakiwamo ya Wakipsigis na Talai wa huku kwetu. Mwaka 2022 madai hayo yalipelekwa mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya dhidi ya serikali ya Uingereza.

Hakuna kati ya haya lililofanywa na Seroney peke yake. Wako wengi waliolipa, wengine kwa damu. Lakini utaona kwamba njia iliyofika mbali ndiyo ile aliyoichagua yeye tangu ujana: chukua malalamiko ya mtu aliyefukuzwa, yaandike, yaweke mbele ya sheria, na usikubali kuambiwa useme uongo ili mkutano uendelee.

KWAKO WEWE KIJANA

Usidhani kiti kile cha Bunge ni cha mbali. Wewe pia una kiti chako. Labda wewe ni mweka hazina wa kikundi cha vijana, na fedha za futari ya mayatima hazitimii, na kila mtu anajua zimekwenda wapi ila hakuna anayetaka kusema. Labda wewe ni nyapara shambani, na mama mmoja amepunjwa kilo kwenye mizani. Labda uko katika kamati ya shule, na wanataka uandike kwamba jambo halikutokea. Wote watakugeukia wewe. Utakuwa na dakika moja, kama aliyokuwa nayo Seroney tarehe 9 Oktoba 1975.

Hatukuambii upige kelele. Yeye hakupiga. Hatukuambii uwe na hasira. Saumu yenyewe inatufundisha kuzuia ulimi usiseme uovu. Lakini kuzuia ulimi kuna upande wake wa pili, nao ni kutouzuia pale ukweli unapoulizwa kwako wewe hasa.

Na kama Mungu amekujaalia akili ya masomo, fikiria sheria. Katika mahakama zetu za Kericho na Bomet bado kuna watu wanaosimama kizimbani bila wakili, hawaelewi karatasi waliyoshika mkononi. Bado kuna wajane wanaozungushwa kwa sababu ya hati ya shamba. Watu hao hawahitaji hotuba. Wanahitaji mtu aliyesoma, atakayekaa nao chini, awasomee karatasi ile polepole, awaambie hapa una haki na hapa huna.

Leo jioni ukishika kikombe chako, tazama majani yale yalikotoka. Wakumbuke waliofukuzwa, wakumbuke wanaochuma, mkumbuke na jirani yako wa kabila jingine anayekunywa chai ileile. Na umkumbuke wakili mmoja wa milima ya pili, aliyekaa zaidi ya miaka mitatu kizuizini kwa kukataa kumlazimisha mwenzake aseme uongo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleykum warahmatullahi wabarakaatuh.